Alama Ishirini na Mbili

Murusagamba, Ngara
Mkoa wa Ziwa Magharibi
6 Machi 1978

Wifi Eufrazia,

Usishtuke kupata barua yangu kabla ya Pasaka, hakuna msiba. Baba mzima, migomba mizima, na mama kila asubuhi ananiuliza kama kweli mtu wa miaka thelathini na saba anaweza kurudi shule.

Ndiyo, nimeamua. Miaka tisa ya kufundisha walimu imetosha. Nimechukua fomu za Chuo Kikuu, Dar es Salaam, niombe kusomea shahada ya udaktari katika elimu. Mama ameniuliza nikimaliza hiyo nitasoma nini. Nikamwambia hakuna nyingine juu yake. Akanitazama kwa huruma kama mtu aliyesikia nimekatwa mguu.

Fomu inataka mwombaji aeleze swali atakalolichunguza, tena liwe swali ambalo hakuna aliyekwisha kulijibu. Langu ninalo: kwa nini watu wazima wanakuja darasa la kisomo mwaka baada ya mwaka na bado wanafeli? Kaka Ansbert alinisimulia Krismasi kwamba darasa lako lina wanawake walioanza tangu mlipohamia kijijini mwaka 1974, na hadi leo hawajafuzu. Naomba unisaidie, wifi. Nakili daftari lako: majina, mahudhurio, na alama za kila mwaka. Fomu inatakiwa kufika kabla ya mwisho wa Aprili. Nikikosa nafasi mwaka huu sitaomba tena, maana aibu ya kurudi kwa mama na fomu tupu siiwezi.

Wifi yako,
Benedicta


Kijiji cha Nyakahemba, Nyabusozi
Biharamulo
29 Machi 1978

Wifi msomi,

Barua yako aliileta katekista Jumatatu ya Pasaka, nikaificha ndani ya kitenge mpaka wageni walipoondoka. Kaka yako aliponiona ninaisoma alisema, "Huyo ataolewa na kitabu." Nikamwambia angalau kitabu hakikoromi.

Daftari nimelinakili, kurasa sita, mkono umekufa ganzi. Tunakaa ndani ya ghala la pamba la kijiji, Jumatatu hadi Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi alasiri. Wako thelathini na mmoja, wanawake ishirini na saba. Kila Agosti tunafanya jaribio la alama hamsini, nalisahihisha mwenyewe. Anayepata ishirini na tano amefuzu: anapewa cheti na jina lake linafutwa daftarini. Tangu tuanze wamefuzu tisa, saba wakiwa wanaume.

Utaliona jina la Nyamizi. Huyu ni mama wa Kisukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alama zake kwa miaka minne ni ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na mbili. Sijui nikuambie nini. Labda ni macho, ghala lina giza.

Nami nina swali, usinicheke. Maji yale yanayoanguka Rusumo yanaishia wapi?

Wifi yako asiye msomi,
Eufrazia


Murusagamba, Ngara
18 Aprili 1978

Wifi mpenzi,

Nikucheke kwa nini? Maji ya Rusumo ni mto Kagera. Unapanda kaskazini, unakunja kuelekea Kyaka, unaingia Ziwa Victoria. Ziwani yanatokea upande wa Uganda, yanakuwa mto Naili, yanavuka Sudani na Misri mpaka bahari ya huko. Safari ya miezi, labda zaidi.

Sasa sikia raha yangu. Nimepata jibu! Kitabu mnachotumia ni kile cha kilimo cha pamba. Lakini wenyeji wa Nyabusozi ni watu wa migomba na maharage. Mtu atajifunzaje kusoma kwa maneno ya zao ambalo halimo shambani kwake? Nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya jambo hilo na nimezituma jana.

Kuna kitu kimoja tu kinaniwasha. Hao Wasukuma waliohamia kwenu wanaijua pamba tangu utotoni. Mbona nao wanafeli?

Benedicta


Nyakahemba
21 Mei 1978

Wifi,

Hiyo ya pamba na migomba ni nzuri sana. Andika hivyo hivyo, usibadilishe. Wasukuma wanafeli kwa sababu ya ugeni tu, watazoea.

Hivi hayo maandishi ya udaktari, akishayamaliza mtu, nani anayasoma? Yanabaki chuoni au yanatumwa kwa wakubwa wa wilaya?

Halafu niulizie kwa wajuzi: ni nani aliyeamua kwamba juma liwe na siku saba?

Eufrazia


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
9 Agosti 1978

Wifi Eufrazia,

Nimepata! Nimekubaliwa, nina chumba chenye meza na dirisha, na jirani anayepika dagaa kila siku kwenye jiko la umeme ambalo haturuhusiwi kuwa nalo.

Kuhusu siku saba, mwalimu mmoja wa historia ameniambia ni watu wa kale wa Babeli, waliohesabu nyota saba zinazotembea angani. Maandishi ya udaktari huwekwa maktaba, na nakala huenda wizarani. Ikiwa ni mazuri hushuka mpaka wilayani. Mbona unauliza?

Ila kukubaliwa huku ni nusu. Mwakani mwezi wa Machi nitasimama mbele ya jopo la walimu sita nitetee swali langu. Wakiridhika, naendelea. Wasiporidhika, narudi Ngara na sanduku langu. Msimamizi wangu ni Dokta Luhende, mtu wa Kahama, mpole, anayeongea kama anahesabiwa maneno. Alisoma kurasa zangu kumi na mbili akauliza swali moja tu: "Mama yangu alilima pamba maisha yake yote. Kwa nini wenzake wafeli kitabu cha pamba?" Ni lile lile lililokuwa likiniwasha, na jibu lako la ugeni nililisema mbele yake likasikika jepesi.

Kwa hiyo nahitaji karatasi zenyewe za majaribio, siyo alama tu. Nitumie zote ulizonazo, hasa za huyo Nyamizi. Nataka kuona wanakosea wapi.

Benedicta


Nyakahemba
17 Septemba 1978

Wifi,

Hongera, hongera tena. Kaka yako amechinja jogoo kwa ajili yako na amekula yeye.

Karatasi nyingi zimeliwa na panya, ghala si unalijua. Nimepata kumi na mbili tu, nimezifunga kwa ukili. Jaribio la mwaka huu tumefanya mwezi uliopita. Amefuzu mmoja, mzee Gervasi, na alisikitika sana, sijui kwa nini.

Nikuulize: je, mawe yanazeeka?

Eufrazia


Dar es Salaam
12 Oktoba 1978

Eufrazia,

Nimekaa na karatasi hizi wiki nzima. Nimezipanga kitandani, mimi nikalala chini. Sasa nakuandikia kwa uchungu, na ningependa unijibu kwa ukweli.

Tazama karatasi ya Nyamizi. Kumi na saba jumlisha ishirini na sita, ameandika arobaini na nne. Magunia hamsini toa kumi na tisa, ameandika thelathini na mbili. Kila hesabu aliyokosa, jibu limezidi kwa moja. Asiyejua hesabu hukosea ovyo ovyo. Na ile ngumu kuliko zote, ya kugawa mbegu kwa ekari, ambayo hata walimu wanafunzi wangu wangejikuna kichwa, amepata! Karatasi nne nyingine ni hivyo hivyo. Mtu anayejua kukosea kwa moja kila mara anajua jibu.

Msahihishaji ni wewe peke yako. Nimewaza usiku na mchana na nimeona jambo moja tu: unazibadilisha, wifi. Wakifuzu wote darasa litafungwa, nawe hutakuwa mwalimu tena. Nakuelewa, lakini mimi nimejenga juu ya namba zako. Nikisimama mbele ya jopo na namba za uongo sitafukuzwa tu, nitaaibika maisha.

Niambie kwamba nimekosea.

Benedicta


Nyakahemba
19 Novemba 1978

Benedicta,

Barua yako imechukua mwezi mzima njiani kwa sababu mabasi yamechukuliwa kupeleka watu kwenye vita na Uganda. Kaka yako ameondoka tarehe sita na mgambo wa Biharamulo. Alivaa viatu vya harusi yetu kwa kuwa hakuwa na vingine. Katoka kijana wa Nyamizi pia, Kazimili, na wengine kumi na mmoja wa kijiji hiki.

Unasema nimefuta majibu ya watu nikaandika yangu. Mimi, niliyenakili kurasa sita kwa ajili yako mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuwahi kugusa jibu la mtu. Huo ndio ukweli ulioutaka, na zaidi ya huo sina.

Nilidhani wanawake watanijia niwaandikie barua za vitani. Nilinunua karatasi kabisa. Hajaja hata mmoja.

Eufrazia


Dar es Salaam
17 Desemba 1978

Wifi yangu,

Nisamehe. Siombi kwa maneno ya kuzunguka: nilikutukana, nawe hukunikosea. Nilijua kaka ameondoka kabla barua yako haijafika, kwa sababu ameniandikia mwenyewe. Nimelia, kisha nimecheka, na sasa nitakuambia kilichonichekesha.

Ansbert anasema wamepiga kambi karibu na Kyaka, wazima, isipokuwa viatu vya harusi vimekufa. Anasema mwenzake Kazimili ndiye tajiri wa kambi, kwa kuwa anapata barua kila gari la chakula likija. Zinatoka kwa mama yake. Anawasomea wote kwa sauti. Mama anaandika habari za ng'ombe, nani kazaa, nani kagombana, na katika moja amewaeleza kwamba maji wanayochota hapo yamepita Rusumo kwanza, na kwamba yakiondoka hapo yanakwenda ziwani, Uganda, Sudani, Misri, mpaka baharini. Amemwambia mwanawe anawe uso kwa maji hayo kila asubuhi, atakuwa amenawa maji ya nyumbani. Ansbert anasema wanaume wazima waliinuka wakaenda mtoni.

Kazimili anaapa ni mwandiko wa mama yake. Anaujua, yeye ndiye aliyemshikisha mama kalamu mara ya kwanza.

Wifi, huyo siye Nyamizi wa alama ishirini na mbili? Na lile swali la Rusumo halikuwa lako, sivyo? Wala la siku saba, wala la mawe. Sikuulizi kama msahihishaji, nakuuliza kama wifi yako. Mnafanya nini ndani ya ghala lile?

Benedicta wako


Nyakahemba
14 Januari 1979

Wifi Benedicta,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa kwenye gunia la pamba ndani ya ghala, peke yangu. Sasa nakuambia, na nikishakuambia roho yangu iko mkononi mwako.

Mwaka ule tulipohamia, mwenyekiti wa kijiji aliweka utaratibu: kila mtu mzima shamba la kijiji asubuhi na alasiri, ila aliyeandikwa darasa la kisomo anasamehewa saa nane mpaka saa kumi, hadi afuzu. Akifuzu anarudi shambani saa hizo hizo. Mwenyekiti hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wasome haraka.

Mwaka wa kwanza alifuzu Rozalia. Tulimpigia makofi, akapewa cheti. Jumatatu iliyofuata, saa nane, nilimwona anapita nje na jembe begani. Akasimama mlangoni. Alitazama tu ubaoni mpaka nyapara akamwita. Wote walimwona. Agosti iliyofuata hakufuzu mwanamke hata mmoja, na Rozalia akaja kwangu akalia kwamba amesahau kusoma, nimwandike upya. Nikamwandika.

Sikuwafundisha kukosea. Walipatana wenyewe. Mimi nilijua nilipoanza kusahihisha, nikanyamaza.

Kitabu cha pamba walikimaliza zamani, wanakijua kwa moyo. Ukiwaona saa mbili hizo, wifi! Hakuna mume, hakuna mtoto mgongoni, hakuna chungu jikoni. Wamekaa. Wanasoma kipande cha gazeti lililofungiwa sukari, kila mmoja anataka kujua mwanzo wa habari na mwisho wake uko wapi. Halafu wanauliza. Mimi nimeishia darasa la nane na ualimu wa mwaka mmoja, sina majibu, ndiyo maana nilikuandikia. Jibu la siku saba tulilijadili wiki mbili. Nyamizi alisema hao watu wa Babeli walikuwa na bahati, walipata muda wa kutazama juu.

Mzee Gervasi alifuzu kwa bahati mbaya, alichanganya majibu akakosea kukosea. Usicheke. Mke wake hajamsamehe.

Ukiandika haya yakashuka mpaka wilayani, darasa litafungwa. Ndiyo maana niliogopa. Nakuomba, rudi kwenye pamba yako na migomba.

Eufrazia


Dar es Salaam
11 Februari 1979

Wifi,

Pamba na migomba haipo tena. Siwezi kuisimamisha mbele ya watu nikijua si kweli, na hata nikijaribu, Dokta Luhende atanitazama tu nitaanguka. Jopo limesogezwa mpaka tarehe ishirini na nne Aprili kwa sababu ya vita. Nisipokuwa na swali siku hiyo nafungasha.

Na nina swali, ndilo linaloniuma. Sijawahi kukutana na swali zuri namna hii maishani. Tumehesabu waliofeli miaka yote nchi nzima, na hakuna aliyewahi kuuliza kama wanataka kufuzu! Lakini ni mali yenu, siyo yangu. Sitaandika hata nukta bila ruhusa.

Tafadhali waulize wenyewe. Wakikataa, nitarudi Ngara, na sitamlaumu mtu. Nimemaanisha.

Kuhusu mawe: ndiyo, yanazeeka. Mvua na jua huyala polepole mpaka yanakuwa udongo. Udongo mnaolima ni mawe yaliyozeeka.

Benedicta


Nyakahemba
8 Machi 1979

Kwa Benedicta wa Dar es Salaam.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ungeniamkia, kwa hiyo nimeitikia kabisa.

Mimi ni Nyamizi, mama Kazimili. Mwalimu alitusomea barua yako Jumatatu. Tumebishana mpaka Alhamisi. Rozalia alikataa. Nyamate, mwenzetu wa darasa, naye alikataa. Mimi nilisema huyu ametujibu mambo ya maji, ya siku na ya mawe, na hakutudai kitu. Sasa ni yeye ana swali. Tutamnyima? Wakakubali.

Andika. Kijiji usitaje, majina usitaje. Usiseme sisi ni wavivu. Asubuhi tunalima, jioni tunapika, usiku tunaamka na watoto. Saa mbili tu ndizo zetu.

Andika pia kwamba kukosea ni kazi. Kupata ishirini na mbili lazima uhesabu zako vizuri, ujue umeshapata ngapi kabla hujaanza kukosa. Ule mwaka wa ishirini na tatu nilikosea kweli, nikaogopa sana.

Sasa na mimi nakuuliza. Mwalimu anasema umetimiza miaka thelathini na minane na bado uko darasani. Anasema ukishafuzu hiyo hakuna nyingine. Wewe umekuja kutuuliza sisi kwa nini hatufuzu. Wewe nani amekuuliza?

Kazimili ameandika. Yuko mbele zaidi sasa, amevuka mpaka. Ananawa maji mengine.

Nyamizi binti Ng'washi
Nimeandika mwenyewe


Dar es Salaam
29 Aprili 1979

Wifi Eufrazia, na mama Nyamizi, shikamoo, na wote mliokaa kwenye magunia,

Nilisimama mbele yao Jumanne. Walimu sita, bilauri sita za maji, na mimi. Nikasema kurasa zangu kumi na mbili za pamba na migomba hazina kitu, naomba zichukuliwe kuwa zimekufa. Mmoja akaweka kalamu chini. Nikasema nimegundua kwamba sikuwa nimeuliza swali sahihi, kisha nikawapa lenu: kwa nini mtu mzima anaweza asitake kufuzu? Sikutaja kijiji. Nilisema ni darasa moja katika nchi hii, lenye watu wanaojua hesabu kuliko msahihishaji wao. Utanisamehe hapo, wifi.

Mjumbe mmoja alikasirika. Alisema huo ni udanganyifu wa wanafunzi na mimi nautetea, afadhali nirudishwe nilikotoka. Nikatoa swali la mama Nyamizi, nikalisoma kama lilivyo: wewe nani amekuuliza?

Dokta Luhende akasema, "Sasa na mimi nakuuliza."

Nikawajibu ukweli, wifi, ambao sijawahi kumwambia hata mama. Nikasema tangu nilipofika hapa nina meza yangu, na mlango wangu, na hakuna anayeniita nikachote maji. Kila asubuhi naamka na kitu nisichokijua, na nina siku nzima ya kukitafuta. Nikasema mtu akinipa karatasi leo na kuniambia nikiijaza vizuri nitaondoka, mkono wangu utakuwa mzito. Nikasema mtoa habari wa kwanza katika utafiti huu awe mimi.

Wamenikubalia. Ila wamesema swali ni jipya, lazima nianze mwanzo, kwa hiyo wameniongezea mwaka mmoja wa masomo. Nje ya mlango wenzangu walinipa pole nyingi kwa mwaka ule. Nilificha uso kwa faili ili wasione ninavyotabasamu.

Benedicta


Nyakahemba, Nyabusozi
Biharamulo, Mkoa wa Kagera
2 Septemba 1979

Wifi,

Umeliona jina jipya la mkoa? Darasa limelifurahia, wanasema sasa na sisi tunaitwa kwa jina la maji yetu.

Kaka yako amerudi tangu tarehe kumi na mbili Agosti, mwembamba, mguu wa kushoto hauko sawa, na anakula kwa watu wawili. Kazimili amerudi naye. Wawili katika wale kumi na watatu hawakurudi, na tunawataja kila jioni. Wake zao wamo darasani, wanakuja tu, na sisi tunawaachia nafasi karibu na mlango ambapo kuna mwanga.

Juzi tumefanya jaribio. Kazimili alimleta mama yake akabaki amesimama nyuma, na nilipokusanya karatasi akachungulia ya mama yake. Akapaza sauti, "Mama! Hii ya nne unaijua. Ndiyo hesabu uliyonipigia kwenye barua zako, ya siku nilizokaa vitani, wala hukukosea hata siku moja!"

Mwenyekiti alikuwa nje tu, anapima pamba.

Nyamizi hakugeuka hata kichwa. Akamwambia, "Nyamaza. Mwenzangu wa Dar es Salaam bado hajafuzu. Mimi nikimbilie wapi?"

Nikachukua wino mwekundu, nikamwandikia ishirini na mbili.

Wifi yako,
Eufrazia